Protini ya samaki, ubongo wa panya na zile video za '40 Hz': zinahusianaje?

Ingia YouTube sasa hivi, andika "40 Hz", halafu angalia kinachotokea. Zipo video za saa nzima, nyingine saa nane, zenye mlio wa kuunguruma au kioo kinachowaka na kuzima haraka haraka. Zinaahidi kumbukumbu kali, umakini wa kufaulu mtihani, na nyingine hata kinga dhidi ya ugonjwa wa Alzheimer.

Shangazi yangu alinitumia moja WhatsApp. Bibi ameanza kusahau majina ya wajukuu, na shangazi alitaka kujua kama amwekee bibi video hiyo jioni kabla ya kulala. "Wewe si ndiyo mwandishi, hebu tuangalizie," akaniandikia. Nikamwomba siku mbili.

Siku mbili zikawa wiki mbili, kwa sababu stori ni ndefu kuliko nilivyodhani. Hiyo 40 (yaani mara 40 kwa sekunde) haikuokotwa tu. Ilitoka kwenye ubongo wa panya wa maabara, kwenye kundi moja la seli ambalo wanasayansi walilitambua kwa msaada wa protini ndogo inayodaka kalsiamu. Na protini yenyewe ilianza kujulikana kwa samaki.

Twende taratibu.

Kalsiamu inatafuta nini kichwani?

Kalsiamu tunayoijua wengi ni ile ya mifupa na meno, ya maziwa na dagaa. Lakini kuna kiasi kidogo sana mwilini chenye kazi nyingine kabisa: kupeleka ishara.

Seli ya neva ikitaka kumpasia mwenzake ujumbe, umeme unakimbia mpaka kwenye ncha yake. Pale kwenye ncha kuna vijimlango. Vikifunguka, kalsiamu inaingia, na kule kuingia ndiko kunakoifanya seli imwage kemikali ya ujumbe kwa jirani. Vinakaa wazi kwa muda wa kama elfu moja ya sekunde tu. Bila kalsiamu kuingia, ujumbe hauondoki, na wewe usingeweza kusoma hata sentensi hii.

Shida iko kwenye wingi. Nje ya seli kuna kalsiamu karibu mara 10,000 kuliko iliyo huru ndani yake. Chukua Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga: mashabiki 60,000 wako nje ya geti, ndani wamekaa watu sita. Ukifungua geti dogo kwa sekunde moja tu, unajua kitakachotokea.

Kalsiamu ikibaki ndani kwa wingi na kwa muda mrefu, inaamsha vimeng'enya vinavyoanza kukatakata protini za seli yenyewe. Mitambo ya nishati ya seli inazidiwa, na mwisho seli inakufa. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoua seli za ubongo wakati wa kiharusi, au wakati wa kifafa kisichokatika.

Seli ina pampu za kuirudisha kalsiamu nje, ila pampu zina kasi yake. Katikati ya geti na pampu ndipo wanapokaa wadakaji wetu.

Samaki, kuku na jicho la kifaranga

Mwaka 1973 huko Marekani, Robert Kretsinger na mwenzake Nockolds walichapisha umbo la protini moja iliyotoka kwenye misuli ya samaki wa maji baridi aina ya karpu. Inaitwa parvalbumini. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni ya Kilatini na maana yake ni "dogo", na kweli ni ndogo: uzito wake ni kama moja ya tano ya himoglobini ya damu.

Ukitaka kuona inavyoshika kalsiamu, inua mkono wa kulia. Nyoosha kidole cha shahada mbele na gumba juu, vingine kunja, kama mtoto anayeigiza bastola. Kalsiamu inakaa pale kwenye vidole vilivyokunjwa. Sijakutungia mimi mfano huu, Kretsinger mwenyewe ndiye aliyeutumia. Vipande viwili vya protini vinavyokaa kama shahada na gumba vilikuwa na herufi E na F, na hadi leo wataalamu duniani kote wanaliita umbo hilo "mkono wa EF". Parvalbumini moja ina mikono miwili ya namna hiyo inayodaka.

Misuli ya samaki imejaa hiki kitu, kwa sababu misuli haiwezi kulegea mpaka kalsiamu iondoke. Ikiondoka haraka, msuli unalegea haraka na uko tayari kukaza tena. Pwani ya mashariki ya Marekani kuna samaki mmoja mwenye sura kama ya chura ambaye dume lake linaita majike kwa kutetemesha misuli ya kibofu chake cha hewa karibu mara 200 kwa sekunde. Misuli hiyo ina parvalbumini kwa wingi wa ajabu.

Na kama unamjua mtu anayevimba midomo akila samaki, mshtakiwa mkuu ni hiihii parvalbumini. Joto haliiharibu kirahisi, ndiyo maana kumkaanga samaki mpaka akauke hakumsaidii mwenye mzio.

Parvalbumini ina ndugu. Kalbindini ilipatikana mwaka 1966 kwenye utumbo wa kuku, katika Chuo Kikuu cha Cornell, na watafiti Wasserman na Taylor. Kuku wakipewa vitamini D, protini hiyo inatengenezwa kwenye utumbo na kusaidia kalsiamu ya chakula kuvuka. Kalretinini ikaja mwaka 1987, kutoka Cambridge, Uingereza, ambako John Rogers alikuwa anachunguza retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, ya kifaranga. Jina lenyewe linakuonyesha lilikotoka.

Utumbo wa kuku na misuli ya samaki. Ukiiona orodha hiyo huwezi kuhisi kwamba inaelekea kwenye ubongo.

Sare ya rangi

Kabla hatujaendelea, neno moja kuhusu panya. Kiswahili tunawaita wote panya, lakini maabara zinafuga aina mbili: yule mdogo wa kwenye kabati, na yule mkubwa wa kwenye mitaro. Ubongo wa panya mdogo una seli za neva kama milioni 71, wa panya mkubwa kama milioni 200. Wewe unazo kama bilioni 86.

Sasa, kuangalia mamilioni hayo kwenye hadubini ni kama kuangalia Kariakoo kutoka kwenye ndege. Unaona umati. Humjui muuzaji, mnunuzi, mchukuzi wala kibaka.

Mwaka 1981, Marco Celio na Claus Heizmann, wakifanya kazi Uswisi, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba parvalbumini ipo kwenye baadhi ya seli za neva na kwamba inaweza kutumika kama alama ya kuzitambulia. Njia yenyewe ni hii: unakata ubongo vipande vyembamba sana, unamwagia kingamwili inayoitambua parvalbumini peke yake, halafu unaiwekea kingamwili hiyo rangi. Seli zenye protini zinang'aa. Zisizo nayo zinabaki kimya.

Ghafla kundi moja la watu pale Kariakoo limevaa sare.

Mwaka 1986 Celio akaonyesha wavaa sare hao ni nani. Kwenye gamba la ubongo la panya mkubwa, seli zenye parvalbumini ni zile zinazotumia kemikali ya GABA, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wengine. Kwa lugha ya mtaani, ni breki. Mwaka 1990 akatoa ramani ya parvalbumini na kalbindini kwenye ubongo na mfumo mzima wa neva wa panya mkubwa, ramani ambayo watafiti wanaitumia mpaka leo.

Seli za breki ni chache: kwenye gamba la ubongo la panya hazizidi sana moja katika kila tano. Kati ya hizo, kama asilimia 40 ndizo zenye parvalbumini. Lakini uchache wao usikudanganye. Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, seli moja ya aina hiyo inaweza kuwashika majirani zaidi ya 1,000, tena inawakumbatia pale pale kwenye mwili wa seli ambapo uamuzi wa kurusha umeme unakaribia kufanyika.

Seli moja ikiwanyamazisha majirani elfu kwa pamoja na kuwaachia kwa pamoja, nini kinatokea? Wakiachiwa, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja. Kisha kimya, kisha kelele. Umepata mdundo, kama kwaya inayofuata mkono wa mwalimu. Mdundo wa namna hiyo, kati ya mara 30 na 80 kwa sekunde, unaitwa gama, na huonekana mnyama anapokuwa makini na jambo. Arobaini imo humo ndani. Ishike hapo, tutairudia.

Viti vilivyokaliwa

Swali lililonisumbua ni hili: kwa nini breki ndiyo ihitaji mdakaji wa kalsiamu wa kwenye misuli ya samaki?

Jibu liko kwenye kasi. Seli za parvalbumini zinaweza kurusha umeme mamia ya mara kwa sekunde bila kuchoka. Kila mrusho unaingiza kalsiamu kwenye ncha. Mabaki ya mrusho wa kwanza yakikutana na kalsiamu ya mrusho wa pili, ujumbe wa pili unatoka mkubwa kuliko ilivyotakiwa, wa tatu mkubwa zaidi, na mdundo unavurugika. Mtu wa kufagia mabaki anahitajika.

Na parvalbumini inafagia kwa namna ya ajabu kidogo. Seli ikiwa imetulia, ile mikono yake haiko wazi, imekaliwa na magnesiamu. Ni daladala iliyojaa: abiria mpya hawezi kukaa mpaka mwenye kiti ashuke kwanza. Kwa hiyo kalsiamu inapoingia, parvalbumini inachelewa kidogo kuidaka, na ule mchelewo ndio unaoufanya mpango ufanye kazi. Ujumbe unatoka kama kawaida kwa sababu hakuna aliyeiwahi kalsiamu mlangoni. Magnesiamu ikishashuka, mabaki yanadakwa kabla mrusho unaofuata haujafika.

Kalbindini ina haraka zaidi, inadaka mapema. Utaikuta kwa wingi kwenye seli za Purkinje, zile kubwa za sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mwendo na mizani, na kwenye seli za lango la hipokampasi. Kalretinini ipo kwenye kundi jingine la seli, na pia kwenye sehemu ya ubongo wa panya inayopokea harufu.

Kwa hiyo seli za panya hazijajaziwa protini moja kila mahali. Kila kundi lina mdakaji wa kasi yake, kulingana na kazi yake. Nadhani hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyosoma kwenye hizo wiki mbili.

Panya waliozaliwa bila

Kwa muda mrefu watafiti wengi waliamini kwamba kazi kubwa ya protini hizi ni ulinzi. Hoja ilikuwa na mantiki. Mwaka 1989 mtafiti Robert Sloviter alionyesha kwamba kwenye hipokampasi ya panya wakubwa waliopatwa na mtukutiko mkali wa kifafa, seli zenye wadakaji hawa zilielekea kupona, na zile zisizo nao zilielekea kufa. Wadakaji wengi, kalsiamu kidogo, seli hai. Imeisha.

Kumbe haijaisha. Miaka ya 1990 ikawezekana kumzalisha panya mdogo aliyezimiwa jeni moja tu. Kama wadakaji ni walinzi wa uhai, panya asiye nao angetakiwa afe, au awe na ubongo uliojaa maiti za seli.

Panya wasio na kalbindini walielezwa mwaka 1997. Walizaliwa, wakakua, ubongo wao ukionekana wa kawaida. Shida ilionekana walipotembea: mwendo na mizani havikukaa sawa, na ishara za kalsiamu kwenye seli za Purkinje zilikuwa na umbo tofauti. Mwaka 1999 wakaja wasio na kalretinini, nao wakawa na shida ya kuratibu mwendo. Mwaka huohuo wasio na parvalbumini: misuli yao ya kasi ililegea polepole kuliko ya wenzao.

Mwaka 2000 ukafanyika mpimo kwenye ubongo wa panya wasio na parvalbumini. Kwenye panya wa kawaida, breki zinazozishika seli za Purkinje zikipiga mara mbili kwa haraka, pigo la pili linakuwa dogo. Kwa wasio na parvalbumini, pigo la pili likawa kubwa. Yale mabaki hayakufagiwa.

Na ule ulinzi? Mwaka 1998 watafiti walikata mtiririko wa damu kwa muda kwenye ubongo wa panya wasio na kalbindini na wa panya wa kawaida, kisha wakalinganisha. Kuwa na kalbindini hakukuziokoa seli za hipokampasi.

Kukosa mdakaji kulileta matatizo ya aina nyingine. Panya wasio na parvalbumini wanaingia kifafa kirahisi zaidi wakipewa dawa ya kukichochea. Na mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba wana tabia zinazofanana na usonji: wanachangamana kidogo na wenzao, wanatoa sauti chache za kuwasiliana, wanarudiarudia jambo moja. Breki hazijafa, ila zimepoteza mdundo.

Rangi ikififia, seli imekufa?

Hapa ndipo stori inapoanza kumhusu bibi yangu.

Kumbuka kwamba tunaziona seli hizi kwa rangi iliyonata kwenye protini. Rangi ikikosekana kuna mambo mawili yanayowezekana: seli haipo, au seli ipo lakini imeacha kutengeneza protini. Kwenye hadubini yote yanafanana. Makosa mengi yamefanyika kwa kuchanganya hayo mawili, na ukisoma habari inayosema "seli za parvalbumini zimepungua", jiulize walihesabu nini hasa.

Mwaka 2003 timu ya San Francisco, akiwemo Jorge Palop na Lennart Mucke, iliangalia panya waliowekewa jeni ya binadamu inayohusika na Alzheimer. Kwenye lango la hipokampasi, kalbindini ilikuwa imeshuka sana. Seli zilikuwepo. Protini ndiyo iliyokuwa imetoweka. Na kadiri ilivyoshuka ndivyo panya alivyofanya vibaya kwenye jaribio la kujifunza na kukumbuka. Timu hiyohiyo iliangalia ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Alzheimer, na huko nako kalbindini ya sehemu hiyo ilikuwa imeshuka.

Kwa nini seli izime mdakaji wake? Mwaka 2017 timu ya Jeannie Chin huko Houston ilitoa jibu kwenye jarida la Nature Medicine. Panya hawa wa Alzheimer wanapata kifafa, mara nyingi bila kuanguka, umeme tu unavurugika ubongoni. Kila tukio linaacha nyuma protini moja inayokaa siku nyingi ndani ya seli, na protini hiyo inaifunga jeni ya kalbindini. Kifafa kinapita kwa sekunde, kufuli linabaki. Watafiti waliporudisha kalbindini kwenye seli hizo kwa kutumia kirusi kilichobebeshwa jeni yake, kumbukumbu ya panya iliboreka.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Kwa mtu anayeuguza ndugu, tofauti kati ya seli iliyokufa na seli iliyofungwa ni kubwa sana, kwa sababu iliyofungwa huenda ikafunguliwa. Lakini hiyo ni kwa panya, na kirusi chenyewe kinapelekwa moja kwa moja ndani ya ubongo. Hakuna mtu anayekuuzia hiyo kwenye video.

Arobaini inaingia hivi

Parvalbumini ilipokwisha kuwa sare, ikawa pia ufunguo. Watafiti walitengeneza panya ambao seli zao za parvalbumini peke yake zinaweza kuwekewa swichi inayowashwa kwa mwanga. Unapeleka uzi wa mwanga ubongoni, unawasha, na seli hizo tu zinarusha umeme.

Mwaka 2009 timu mbili, moja ya MIT na nyingine ya Stanford, zilitumia njia hiyo na kuonyesha kwamba seli za parvalbumini kweli ndizo zinazoendesha mdundo wa gama. Wakiziwasha mara 40 kwa sekunde, gamba la ubongo lote la jirani linafuata.

Mwaka 2016 timu ya Li-Huei Tsai wa MIT ikapiga hatua iliyowasha moto mtandaoni. Waliwachukua panya wa Alzheimer na kuzichezesha seli zao za parvalbumini kwa 40 kwa sekunde kwa saa moja. Amiloidi, ule uchafu wa protini unaojikusanya kwenye ubongo wenye Alzheimer, ikapungua. Kisha wakaacha upasuaji kabisa, wakawaweka panya mbele ya taa inayowaka na kuzima mara 40 kwa sekunde. Amiloidi ikapungua kwenye sehemu ya ubongo inayoona. Ndiyo, taa tu.

Unaweza kuelewa kwa nini watu walichanganyikiwa. Tsai na mwenzake Ed Boyden walianzisha kampuni, Cognito Therapeutics, inayojaribu kifaa cha mwanga na sauti kwa binadamu.

Halafu ukaja mwaka 2023. Maabara ya György Buzsáki wa Chuo Kikuu cha New York, mtu aliyetumia maisha yake kusoma midundo ya ubongo, ilijaribu mwanga uleule kwa aina mbili za panya wa Alzheimer. Mdundo wa asili wa gama haukufuata taa. Amiloidi haikupungua. Na panya walipoachiwa uhuru, waliukwepa mwanga huo.

Timu ya MIT haikurudi nyuma. Mwaka 2024 ilitoa utafiti mwingine ikitumia mwanga na sauti kwa pamoja, na inasema kwamba mdundo huo unasaidia ubongo wa panya kujisafisha. Kwa hiyo wakubwa bado wanavutana. Mimi siko kwenye nafasi ya kuamua nani yuko sahihi, ila najua kwamba kitu ambacho maabara mbili kubwa hazikubaliani kwa panya, hakijawa tiba kwa bibi wa mtu.

Na simu yako je?

Hapa kuna kitu ambacho video nyingi hazikwambii. Simu nyingi za kawaida zinabadilisha picha kwenye kioo mara 60 kwa sekunde, na video yenyewe huwa na picha 30 au 60 kwa sekunde. Ukiwa na picha 60 huwezi kuwasha na kuzima mara 40 kwa usawa, hesabu haigawanyiki. Ukilazimisha, unapata mpangilio wa kuwaka, kuzima, kuwaka, unaojirudia mara 20 kwa sekunde. Ile 40 ya kwenye jina la video, kwenye kioo chako haipo. Mlio unaweza kuwa 40 kweli. Mwanga, hapana, labda uwe na kioo cha 120 na video iliyotengenezwa kwa ajili hiyo.

Na 20 ni namba mbaya. Kuna watu wachache wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweka, na mimweko ya kati ya 15 na 25 kwa sekunde ni miongoni mwa inayowachokoza zaidi. Wengine hawajui kama wanayo mpaka siku wanapokutana nayo. Unganisha hilo na wale panya wa Houston, ambao kila tukio la kifafa lilifunga kalbindini kwenye lango la kumbukumbu. Video ya kuongeza kumbukumbu, kwa mtu asiyestahili kuiangalia, inaweza kufanya kazi kinyume.

Nilimpigia shangazi Jumapili. Nikamwambia asimwekee bibi mwanga ule, hasa kwa kuwa mwaka juzi bibi alipoteza fahamu jikoni na hakuna aliyejua sababu. Nikamwambia pia kwamba kusahau kwa mzee si lazima iwe Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, hata dawa anazotumia, vyote vinaweza kumsahaulisha mtu, na vingi vya hivyo vinatibika. Akamwambie daktari kuhusu ile siku ya jikoni bila kuficha.

"Kwa hiyo nifute?" akauliza.

Nikamwambia afute. Kliniki ni Alhamisi.